Mwaka ule Odette alikuwa Nsimire

Mama Mwajuma alikufa mwezi uliopita, na mimi nilienda kukaa kwao siku tatu za kilio, ingawa si mutu wa ukoo wake wala wa dini yake. Nyumba yao iko nyuma ya soko la Nyawera, na haijabadilika sana: sebule ndefu, mapazia ya kijani, harufu ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa, iliyoingia mu kuta tangu zamani na ambayo hakuna rangi itakayoiondoa. Wanawake wa ukoo wake waliotoka Uvira walinipisha ku mukeka, wakaniletea wali na chai ya tangawizi, na mujukuu mumoja wa marehemu, musichana wa universite anayeitwa Aziza, aliinama akaniuliza kwa heshima, kama nyanya yake: “Koko, na bibi mulijuana wapi?” Nikamujibu kwamba bibi yake alinirudishia mutoto. Akaitikia kwa kichwa kama anaelewa. Nafikiri alidhani ni mambo ya materniti. Sikutaka kumueleza pale, mbele ya watu wanaosoma dua, maana habari yenyewe hainipi sifa. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa na mwaka ule wote mu kichwa, na majina ya watu wote, mumoja mumoja. Basi nimeona niiseme, na ile sehemu yangu mimi pia niiseme: siku moja ya mwezi wa kumi, mu soko la Nyawera, mwanamuke mwenye beseni ku kichwa alisimama mbele yangu akaniuliza kama mimi ni mama ya mutoto wangu, na mimi nikamujibu hapana.

Tulikuwa tunakaa Kadutu, mu parseli ya nyumba tatu na bomba moja. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, viti vine vya mbao, na kabati ambayo kioo chake kimoja kilikuwa kimevunjika tangu tuinunue. Cha nyuma tulilala sote watano, mimi na bwana yangu Raphaël ku kitanda pamoja na Mugisho aliyekuwa angali ananyonya, na wasichana wawili chini ku godoro. Jikoni ilikuwa inje, chini ya mabati matatu, na mvua ikipiga kwa upande tulipikia ku mulango, moshi wote unaingia ndani. Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Cibalonza na muzee wake Lwaboshi. Ya tatu ilikuwa ya Ntakwinja, kijana asiyekuwa na bibi lakini alikuwa na radio, na aliifungua kwa sauti ya juu tangu asubuhi, kwa hiyo habari za taifa tulizisikia tukiwa tunanawa uso. Hivyo njo tulisikia kwamba majina ya wazungu yamekatazwa, kila mutu achukue jina la mababu, na padiri atakayebatiza mutoto kwa jina la mutakatifu atafungwa. Raphaël alikuwa ananyoa ndevu, kioo kimetundikwa ku mti wa avoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasafisha wembe, akaendelea na shavu la pili. Ku bulanjeri alikokuwa anafanya kazi, patron alileta karatasi, kila mufanyakazi aandikishe jina jipya, na yeye akaandikisha Balagizi, jina la baba yake. Mangaribi ile alirudi na nyusi nyeupe ya unga kama kawaida, akakaa ku ngazi. “Nimekuwa Raphaël miaka makumi tatu,” akasema. “Leo niko Balagizi. Lakini mukate iko ile ile.” Mama Cibalonza alikuwa anachambua majani ya sombe upande wa pili wa parseli, na huyu mama masikio yake hayakulala. “Afazali yangu miye,” akasema. “Muzee wangu iko Lwaboshi tangu kuzaliwa. Ule padiri wa kwetu alimukatalia batizo juu ya pombe. Sasa serikali haina kintu ya kumunyanganya.” Muzee Lwaboshi alicheka mpaka akakohoa.

Mimi jina langu la batizo ni Véronique, lakini hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa padiri na mama yangu. Kwetu mwanamuke akishazaa, jina lake mwenyewe linawekwa pembeni kama nguo ya arusi, na watu wanamuita kwa mutoto wa kwanza. Mimi nilikuwa Mama Odette. Raphaël alikuwa Papa Odette. Hata wenye kuuza makala ya kupikia walikuwa wanaita hivyo wakipita: “Mama Odette, leo mufuko ngapi?” Yule mutoto alikuwa na miaka sita na nusu, mwembamba, anayeuliza uliza, na anayeshika maneno. Ukimwambia kitu mara moja imetosha. Ukimuahidi kitu, ujue utakitoa. Wa pili alikuwa Féli, miaka ine, munene, anayependa kulala popote. Mugisho alizaliwa baada ya ile sheria, basi yeye alikuwa na jina moja tu tangu mwanzo na hakupata matatizo haya. Lakini Odette septemba ile alikuwa anaanza masomo, mwaka wa kwanza, na pale wanapoandikisha watoto haikuwezekana kusema Odette. Raphaël alitoa jina la mama yake: Nsimire. Karani akaliandika, akapiga muhuri, na sisi tukarudi nyumbani tukiwa tumeshika mutoto mukono, tunamuita Odette njia yote.

Septemba ni mwezi ambao Bukavu inaosha uso. Vumbi la kiangazi linalala, njia za Kadutu zinakuwa nyekundu na za kuteleza, watu wanapanda maharagi hata nyuma ya choo, na watoto wanapita na iniforme mupya zilizo kubwa ili zisiwabane upesi. Niliamuka mapema kila siku, nikapika uji wa mahindi, nikamufunga Mugisho mugongoni, nikampeleka Odette mpaka ku mulango wa masomo. Alikuwa na kambambili za bluu, ndala za mpira, kwa sababu viatu alivivua kila tukifika mu matope na kuvibeba ku kifua kama kuku. Siku ya nane au ya tisa, mwalimu aliniita. Alikuwa anaitwa Namwezi, musichana wa Walungu, nywele zimefungwa kwa uzi, muzuri, na alikuwa na woga kuliko watoto.

“Weye njo Mama Nsimire?” akaniuliza.

“Hapana, mwalimu. Miye Mama Odette.”

Akaangalia dirisha la direkta, akashusha sauti. “Mama, lile jina usilitaje hapa. Mutoto wako Nsimire hajakuja tangu masomo ianze. Nimemuweka absan, hayuko, kila siku.”

“Namuleta kila asubui, mwalimu. Iko pale, ule wa kambambili ya bluu.”

Akamuangalia mutoto wangu, aliyekuwa amekaa ku benchi la tatu, mikono juu ya meza, mugongo umenyooka. “Ule? Ule anakalaka pale kila siku. Nilifikiria ni wa darasa B, anapotea mulango. Namuuliza jina, ananyamaza.”

Mimi nilisoma miaka mitatu tu, tena kwa masista, na sikuweza kusoma lile daftari alilonionyesha, lakini aliniitia yale majina ili nisikie jinsi yanavyofuatana, na mpaka leo ninayo: Bahati, Cubaka, Faida, Mapendo, Murhula, Nabintu, Nsimire, Zihalirwa, na wengine. Kila asubuhi aliita Nsimire, na kila asubuhi mutoto wangu alisikia na kufikiri huyo Nsimire ni mugonjwa. Nyumbani nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu jina lake. Akasema: “Mama, weye ulisema Odette nisiseme. Ile ingine sikuijua kama ni ya mimi.” Ni kweli. Nilimwambia jina la kutosema, nikasahau kumpa la kusema.

Basi tulianza muchezo. Wazo lilikuwa la Raphaël, lakini mimi njo niliuendesha, na hilo silitupi kwake kwa sababu sasa ni marehemu. Sheria ilikuwa hivi: ndani ya nyumba uko Odette; ukivuka mulango wa parseli, uko Nsimire. Mutu akikuita Odette inje, hata kama ni mama, hata kama ni papa, usiitike, usigeuke, funga mudomo. Ukiitika, unapoteza bombo yako, ile peremende ya siku ya mungu. Tulifanya mazoezi kila siku ya mungu baada ya misa, maana siku ile njo tulikuwa tunatembea na watoto. Tuliteremka kutoka Kadutu pole pole, Raphaël amemubeba Féli ku mabega, mimi na Mugisho mugongoni, na Odette mbele. Tulipita kule Nguba ku nyumba kubwa, ambako miti yenye maua ya zambarau ilikuwa inamwaga maua njiani wakati ule wa mvua za kwanza, na wasichana waliyavika ku vidole, ua moja kila kidole, wakatembea wamenyoosha mikono kama mabibi harusi. Tulifika ku maji, tukasimama pale panapoonekana meli ya Goma, tukala mukate ambao Raphaël alikuwa ameubeba chini ya koti, ungali moto, na watoto wakahesabu magodoro yanayopandishwa ndani yake. Halafu Raphaël, bila kugeuza uso, alisema kwa sauti ya kawaida: “Odette, angalia ule mutu na mbuzi.” Na mutoto alikaza macho ku ziwa, akabana midomo, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Hakugeuka. Mimi nikajaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali. Hakugeuka. Féli naye alijifunza, akawa njo mutu wa kumshitaki: “Yaya aligeuza jicho moja.” Tulicheka sana mu siku zile. Mwalimu Namwezi aliniambia sasa mutoto anaitika vizuri, sauti ya juu, kuliko wote. Mama Cibalonza peke yake hakupendezwa. “Sasa munafundisha mutoto kuwa kiziwi,” akaniambia siku moja ku bomba. Nikamwambia afadhali kiziwi kuliko absan. Akainua ndoo yake akaenda.

Nikifikiri leo, naona kosa halikuwa la mutoto wala la muchezo. Mutoto alivuka. Alikuwa na majina mawili, na alijua mulango wa kila moja. Mimi sikuvuka. Kwangu Nsimire lilikuwa jina la masomo, kama ile iniforme: tunalivaa asubuhi, tunalivua saa sita, tunalitundika ku musumari. Na watu wa parseli hawakubadilisha kuniita. Hakuna aliyeniita Mama Nsimire isipokuwa mwalimu, ile mara moja, na mara ile nilikataa.

Siku yenyewe ilikuwa ya posho, ile inayotangulia siku ya mungu. Asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kila mutu na jembe lake ku mifereji ya njia, na soko lilikuwa limefungwa mpaka kazi iishe, kwa hiyo saa nane watu wote wa Bukavu walikuwa Nyawera kwa mara moja. Raphaël alikuwa kazini. Nilikuwa nimewaahidi watoto ziwa, maana siku ya mungu iliyotangulia mvua ilituzuia, na Odette alikuwa ananikumbusha tangu alhamisi. Tulienda ku maji, tukaona meli, tukarudi kwa njia ya soko ninunue ndagala kwa ajili ya mangaribi. Nilikuwa na Mugisho mugongoni, Féli ku mukono wa kuume, kikapu ku wa kushoto, na Odette amekamata kwa nyuma kikwembe nilichojifunga. Hiyo ilikuwa sheria ingine: mu soko, shika kikwembe ya mama. Mwaka ule kulikuwa na kikwembe kimoja cha kijani chenye majani ya mihogo, kiliingia kwa wingi, kila mama alikuwa nacho, na mimi pia.

Mvua ya Bukavu haiombi ruhusa. Ilianza na upepo, halafu mawe ya mvua, mawe meupe makubwa kama punje za mahindi, yakapiga mabati kwa kishindo kile kwamba hukusikia mutu anayesema karibu nawe. Watu wote walikimbia kuelekea hangari. Mimi nilimfunika Mugisho kichwa kwa kikapu, nikamuvuta Féli, nikasukumwa, nikasukuma, nikaingia chini ya mabati kati ya wauza chumvi. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na muzee mumoja aliyebeba jogoo. Odette hakuwa pale.

Mutu akikuambia kwamba mama anajua kwa moyo mutoto wake yuko wapi, usimuamini. Mimi sikujua kitu. Niliangalia vikwembe vya kijani, vilikuwa kumi, ishirini, na ku kila kimoja nilitazama chini kama kuna mukono mudogo. Halafu niliangalia mufereji. Ule mufereji wa pembeni ya soko tulikuwa tumeuzibua sisi wenyewe asubuhi ku salongo, na sasa maji mekundu yalikuwa yanapita ndani yake kwa nguvu, na yalikuwa yanabeba kapu, majani ya kabeji, kiatu kimoja. Kila mwaka mvua hizi zinabeba mutoto wa mutu. Nikatoka mu mvua, na Mugisho analia, na Féli nimemukamata mukono mpaka akasema ninamuumiza, na nikaanza kuita. Niliita jina lililokuja. Lilikuja Odette. Nilipita mu safu za mihogo, mu safu za mafuta, mu safu za wauza ndagala, nikiita Odette, Odette, na kati ya makelele ya mabati sauti yangu ilikuwa kama ya paka. Mvua ilipopungua kidogo watu wakaanza kusikia. Kijana mumoja mwenye alama ya chama ku shati akasema: “Mama, majina ya bazungu ilikwisha.” Mwanamuke muuza mihogo akamukatiza: “Mutoto ya mutu anapotea, weye unatafuta jina. Enda kule ku mufereji ukaangalie na macho yako hayo.” Na yule kijana, nimupe haki yake, alienda kweli, akatembea kando ya mufereji mpaka ku kona, akarudi akatikisa kichwa kwamba hakuona kitu.

Nilipita mara ya pili mu safu ya ndagala. Hapo njo nilikutana na yule mwanamuke. Alikuwa murefu, amevaa mutandio, ameweka beseni ya plastiki ku kichwa kwa ajili ya mvua, na alikuwa anaita kwa sauti ya kuuza: “Mama Nsimire. Nani njo Mama Nsimire?” Nilimusikia tangu mbali. Nasema hili bila kulipunguza: nilimusikia vizuri, na nilifikiri, maskini, kuna mama mwingine naye amepoteza wake. Nilifikiri pia, kwa haraka, kwamba yule mwingine ana bahati, wake ameonekana, na nilimuonea wivu. Alifika mbele yangu akasimama.

“Mama, weye njo Mama Nsimire?”

“Hapana, mama. Miye Mama Odette. Natafuta kasichana, kana miaka sita, kana kambambili.”

“Pole, mama. Huyo sikumuona. Miye niko na mumoja anaitwa Nsimire.”

“Aksanti. Mungu akusaidie umupate mama yake.”

“Na weye akusaidie.”

Na tukaachana. Yeye akaenda upande wa barabara, mimi upande wa mihogo. Nilikuwa nimefanya labda hatua ishirini. Féli akanivuta mukono. “Mama,” akasema, “Nsimire njo yaya.” Nikamwambia anyamaze, natafuta yaya. Akasimama mu matope, munene vile, akakataa kutembea, akarudia kama mutu anayemueleza mujinga: “Nsimire njo yaya, mama. Inje yaya iko Nsimire.”

Sijui nilikimbiaje na mutoto mugongoni na mwingine mukononi. Nilimukuta yule mwanamuke karibu na barabara, bado anaita. Nikamukamata nguo. “Mama, ni miye.” Akaniangalia chini ya beseni. “Weye nani? Sasa hivi ulikuwa Mama Odette.” “Ni mumoja,” nikasema. “Odette na Nsimire, ni mutoto mumoja.” Akanitazama, akamutazama Mugisho, akamutazama Féli, kama anayeangalia ndagala kama ni ya leo. “Mutoto ni mumoja tu, na majina yote hayo?” akasema. “Kuya.” Na njiani akasema, bila hasira: “Miye ku kadi yangu baliandika jina ya babu ya bwana yangu. Liko murefu, ata kulitaja nalikosa. Lakini mutoto yangu akipotea, mama, nitajua njo wangu.”

Meza ya Mama Mwajuma, maana njo alikuwa yeye, ilikuwa ile ile niliyopita mbele yake mara mbili. Chini ya meza, kati ya mifuko miwili ya chumvi, juu ya gunia kavu, alikuwa amekaa mutoto wangu na kikombe cha chai mu mikono miwili. Kambambili alikuwa nazo zote mbili. Alikuwa amekamata kikwembe kijani cha mwanamuke mwingine, akamufuata mpaka huko, na yule mama alipogundua alimuachia Mama Mwajuma. Mama Mwajuma alimuuliza jina, akajibu Nsimire. Akamuuliza mama yake nani, akajibu Mama Nsimire. Akamuuliza anakaa wapi, akajibu nyumbani. Njo mwanamuke yule akaacha ndagala yake wazi mbele ya wezi, akachukua beseni, akaingia mu mvua. Nilimutoa mutoto chini ya meza, nikamupapasa mikono, kichwa, miguu. Hakuwa analia. Hakuwa hata na woga. Alikuwa na ile sura yake ya ku ziwa, midomo imebanwa.

“Haukusikia nikikuita?” nikamuuliza.

“Nilisikia.”

“Nilipita hapa?”

“Mara mbili. Niliona miguu yako, na kikapu. Ulikuwa unaita Odette.” Akanywa chai kidogo. “Sikuitika, mama. Sikugeuka ata jicho moja.”

Mama Mwajuma alikuwa anapanga ndagala yake, akasimama, mukono hewani. Mimi nilikaa chini palepale mu matope, kikwembe na yote, na mutoto akaniangalia kwa mara ya kwanza na wasiwasi, akauliza pole pole kama amekosea mahali fulani. Nikamwambia hapana. Nikamwambia alicheza vizuri.

Kutoka siku ile nilinunua ndagala kwa Mama Mwajuma miaka yote, mpaka miguu ikamukataza soko, na yeye aliniita Mama Nsimire kwa sauti kubwa tangu mbali, hata kama hakuna mvua, ili watu wageuke. Hilo lilikuwa muchezo wake, na nilistahili. Miaka mingi baadaye, serikali iliporuhusu majina ya batizo yarudi, Raphaël alirudi kuwa Raphaël siku ile ile, akaandika ku mulango kwa chaki. Féli alijiita Félicité ku karatasi zake zote. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa tayari mwanamuke mwenye watoto, mwalimu naye, kule Katana, na nilipomuuliza kama atarudisha lake, akanijibu kwa heshima: “Mama, lile sikulizoea.” Watu wanasema ni siasa ilimunyanganya jina. Mimi sibishani nao, lakini najua ilikuwa wapi na saa ngapi.

Ilikuwa mangaribi ya siku ile ile ya mawe. Tulirudi Kadutu tumelowa, nikawavua nguo, nikawasha makala, nikapika ugali na ndagala na maharagi yaliyobaki. Raphaël alirudi, nikamuambia yote ku mulango kabla hajaingia, na yeye hakunigombeza. Aliondoa unga mu kucha. Halafu akasema: “Tuukomeshe ule muchezo. Leo leo. Ndani ya nyumba na inje, iko Odette, mwalimu ajitafutie njia.” Niliona ni sawa, na niliona ni rahisi. Nilitandika sahani. Féli alikuwa amekwisha kukaa. Mukubwa alikuwa amesimama ku mulango wa chumba cha nyuma, ananiangalia.

“Odette,” nikasema, “kuya ukule.”

Hakusogea.

“Odette, tuko ndani ya nyumba. Na muchezo ilikwisha. Papa anasema ilikwisha.”

“Ilikwisha,” akasema Raphaël. “Kuya, Odette.”

Mutoto aliweka mukono ku kinywa. Hakuwa anacheka safari hii. Alituangalia mumoja halafu mwingine, kama anayetafuta ni nani kati yetu anayemujaribu, na niliona mu macho yake kwamba mutu mwenye kuita vile, kwake yeye, si wa kuamini tena, hata akiwa mama yake, hata akiwa na sahani mukononi. Ugali ulikuwa unapoa. Raphaël alifungua kinywa tena, nikamushika goti chini ya meza.

“Nsimire,” nikasema, na lilinitoka kwa shida, kama jina la mutoto wa jirani. “Nsimire, kuya ukule.”

Akaondoa mukono ku kinywa. “Ee, mama,” akasema, kwa sauti ya juu, ile ya darasani, akaja akakaa kati yetu, akavuta sahani yake.